Mlima Uliofukiwa Ngoro

Mji wetu uko bondeni, ukitoka Mbinga kwenda ziwani, na mlima umeuzunguka karibu pande zote. Wageni wakiuita kijiji tunanuna. Wazee wetu walijenga huko juu milimani. Kahawa ilipokuja na barabara ikapita, watu wakashuka kuifuata: ghala, kanisa, soko, maduka ya Waislamu wenye asili ya pwani. Mama yangu aliolewa nyumba ya mwisho nyuma ya soko, pale mlima unapoanzia.

Juu ya nyumba hiyo palikuwa na shamba letu la ngoro. Wanaume hufyeka nyasi wakazilaza kwa mistari inayokatana, nasi wanawake tunachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika. Katikati hubaki shimo, ndiyo ngoro yenyewe. Mvua ikinyesha, kila shimo linakunywa fungu lake na mlima unatulia. Mgongo wangu unayajua mashimo yale vizuri sana.

Malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yalipozidi, madereva na vibarua wakawa wanatafuta vyumba vya kupanga. Kaka yangu mkubwa akajiona kapata akili. Akafukia ngoro zote, akasawazisha, akaanza kupandisha kuta. Baba alikuwa amekwisha kufa, tumemzika nyuma ya nyumba kwenye mibuni, kwa hiyo hakukuwa na wa kumkemea. Nikamkemea mimi.

"Kaka, maji ya mlima huu utayapeleka wapi?"

"Dada, na mdomo wako huo! Mbona mwaka jana hayakuja?"

Kweli, mwaka jana mvua ilikuwa manyunyu tu. Sokoni walinicheka, wakaniita bibi mvua. Nikasema moyoni, sikio la kufa halisikii dawa. Lakini niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Msimu huu mvua ilipoanza haikupumzika. Chemchemi ya nyuma ya jiko la mama, ambayo tumeinywa maisha yetu yote, ikageuka nyekundu. Mlango wa jiko ukagoma kufungika, na baada ya siku chache ukagoma kufunguka. Kuku wakahama bandani, wakawa wanalala barabarani, na mama akawa anawafukuza warudi. Nilipoyaona hayo nilikwenda kumchukua.

"Shikamoo, mama. Kusanya vitu, twende kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Siendi. Nani atabaki na baba yenu?"

"Baba amekufa, mama!"

"Ndiyo maana hawezi kuhama mwenyewe."

Jamani! Nilikasirika mpaka nikalia. Nilipanda kwa kaka nikamsihi achimbe mashimo tena, hata machache tu. Akaniambia saruji imekwisha kumwagwa, niache uchuro.

Jumapili tulikuwa kanisani, mama pembeni yangu, padri akihubiri. Tukasikia ngurumo ndefu nje, nikadhani ni lori limepoteza breki. Kisha mtu akapiga yowe upande wa soko.

Tulipofika, vyumba vya kaka havikuwepo. Namshukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani. Jiko la mama lilikuwa limekwenda na maji, nyumba imebaki wima, na nyuma yake palikuwa na udongo mwekundu tu, mpana, bado unatambaa taratibu. Hapakuwa na mbuni hata mmoja wala msalaba wa kaburi la baba. Kaka alikuwa ndani ya tope hadi magotini, ana jembe mkononi, anachimba hapa, anaacha, anachimba pale, analia kwa sauti.

Nilikuwa na maneno ya kumwambia tayari, makali. Mama akanishika mkono kunizuia. Akavua viatu vyake vya kanisani, akaingia topeni mpaka alipo kaka.

"Mwanangu," akamwambia, "nionyeshe baba yako alipo, ili mjue pa kunizika."

Kaka akanyoosha jembe upande wa kulia. Akasita, akalinyoosha kushoto. Mama akanigeukia mimi, nami nikatazama ule udongo wote, na sikujua.