Milima Niliyoipa Jina la Mbuzi

Dada yangu hajui kusema uongo. Naanza na hilo ili lawama ijue mapema nyumba ya kwenda. Mwongo wa familia ni mimi, na kazi yangu imenisaidia sana. Nina meza katika duka la fotokopi na intaneti pale Kabalagala, hapa Kampala. Nawajazia watu fomu, nawaandikia barua, na majibu yakija nawatafsiria. Mchana, baa za jirani zinapopigwa deki na viti vimepinduliwa juu ya meza, wateja wangu wanakaa kwenye ngazi wakisubiri zamu. Wengi ni Wakongo kama mimi.

Dada ni mkubwa wangu, kwa hiyo namwita yaya. Kwetu mashariki ya Kongo yaya ni dada mkubwa, si mlezi wa watoto. Anatembeza vitenge, rundo kichwani, kutoka chumba chetu cha Namuwongo karibu na reli mpaka juu Kibuli, halafu anarudi. Mume wake na binti yake walishapokelewa katika nchi moja ya baridi, miaka minne sasa. Yeye alibaki kwa sababu kijiji alichokitaja hakikuonekana kwenye ramani ya mtu yeyote, na ofisi ya wakimbizi ilitaka kwanza kuhakikisha anatoka kule anakosema. Binti aliondoka ana miaka sita. Siku hizi kwenye simu anaongea Kiswahili cha kuokoteza, na simu ikikatika mama yake anakaa anakunja upya vitenge vilivyokwisha kukunjwa.

Katika mahojiano ya kwanza walimwuliza: ukisimama mlangoni kwenu, unaona milima gani? Akajibu, "Mulima tu." Mkalimani akarudia swali, jina lake nani? "Haina jina. Sisi tunasemaka mulima." Ofisa akaandika kwa muda mrefu, akamshukuru, akamruhusu aende.

Sasa, sisi tuna desturi moja. Mtu akitoka kuhojiwa na ofisi, tunamhoji tena wenyewe, uani kwa kanisa baada ya ibada, na sisi ni wakali kuliko ofisi. Ulisema nini? Wakasemaje? Walikutazama namna gani? Yaya alipowaeleza, wote walitikisa kichwa. Ameharibu. Mlima bila jina, watasema huyu ni mtu wa hapa hapa Kampala. Waliokuwa na hakika zaidi ni wale ambao faili zao zilikwama tangu zamani, na hakuna aliyewauliza ujuzi huo waliupata wapi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na sisi kamba hiyo tunafungana wenyewe kwa wenyewe. Wiki tatu baadaye simu ikaja: arudi ofisini mwezi ujao. Hawakusema kwa nini. Hatukuhitaji kuambiwa, tulijua ni milima.

Na mimi nilijua vizuri kwamba kweli haina jina. Nilizaliwa pale pale. Nani analipatia jina paa la nyumba yake? Lakini kiherehere ni ugonjwa. Maofisa wanatazama mtandaoni, kila mtu anajua, na mimi kutwa nzima niko mbele ya kompyuta. Nikafungua ile kamusi elezo ya mtandaoni, ya Kiswahili, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika, nikaanzisha makala. Sentensi mbili tu. Safu ya milima iko mashariki ya Kongo; ina vilele vitano. Jina nikachukua la mbuzi wa bibi yetu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa, limeshatuumiza ya kutosha. Nilipomwambia yaya alicheka mpaka akakalia rundo la vitenge. "Ile mbuzi mwizi?" Ndiyo, huyo huyo, aliyekuwa anaingia jikoni kula majani ya mihogo yaliyokwisha kutwangwa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku ya uwanja wa ndege.

Kama ningeishia kwenye zile sentensi mbili, pengine zingekaa hapo miaka bila mtu kuziona. Sikuishia. Kila mchana wateja wakipungua nilibonyeza "hariri" nikaongeza kitu. Niliweka kimo cha kila kilele. Niliweka mito mitatu, mmoja wa kweli. Niliweka ndege mwenye kifua chekundu, ambaye nilimwona mara moja utotoni, au nilidhani nilimwona. Niliweka lile jiwe pana ambalo mama zetu walianikia nguo, nikaliita eneo la kihistoria. Halafu maporomoko ya maji. Kwetu hakuna maporomoko, lakini niliyataka, na nikiandika nilisikia baridi ya asubuhi ya kule, mimi niliyekaa kwenye joto na moshi wa boda za Kabalagala. Nilifurahi, niseme tu ukweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliirefusha mwenyewe, kilele kwa kilele.

Nyumbani yaya alikuwa anakariri. Huku anakunja vitenge namwuliza, anajibu: jina, vilele vitano, mito mitatu. Alianza kulala vizuri. Alimwambia binti kwenye simu, "Karibu nitakuja."

Wiki mbili kabla ya siku yake, mtu akaniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala. Alikuwa mmoja wa wasimamizi wa ile kamusi, wao wanajiita wakabidhi. Mpole kabisa. "Karibu sana, ndugu. Makala ni nzuri. Tafadhali ongeza vyanzo." Nikamjibu kwa jeuri: chanzo ni mimi, nimezaliwa pale. Akasema anaelewa, ila kumbukumbu ya mtu si chanzo. Kuna kitabu, ramani, gazeti? Nikamwambia ofisi za ramani hazikufika kwetu, waliofika ni wenye bunduki. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo pekee ambalo halikuwemo kwenye makala.

Kesho yake kisanduku kikatokea juu ya ukurasa: "Makala hii inadhaniwa kueleza milima ya kubuni. Inapendekezwa ifutwe." Nikakiondoa. Kikarudi. Nikakiondoa tena, kikarudi. Mara ya tatu nikakuta nimezuiwa kuhariri. Milima yangu ilikuwa bado pale, na mimi sikuruhusiwa kuigusa.

Hapo nilipaswa kumwambia yaya: acha jina hilo, sema kama ulivyosema mwanzo. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshayapanga maneno. Nikamkuta anapiga pasi gauni la kwenda nalo, ananiita nimwulize maswali. Nikamwuliza. Akajibu yote bila kukosea. Nikajiambia kisanduku chenyewe ni kidogo, na ofisa hasomi Kiswahili. Nilikuwa mwoga tu.

Siku ya siku alinieleza yote, pole pole, ameketi kitandani na viatu bado miguuni. Kwanza walimchukua alama za vidole, vyote kumi. Halafu ofisa akamwuliza kama ana jambo la kuongeza. Akasema ndiyo, amekumbuka jina la milima. Ofisa akashangaa kidogo, akaomba alitaje herufi kwa herufi, akaandika kwenye kompyuta. Akamwita mkalimani atazame. Mkalimani akageuza kioo cha kompyuta kuelekea kwa yaya, akamwomba asome mstari wa juu kwa sauti. Yaya ni msomaji wa maandiko kanisani. Akasoma.

"Nilisoma muzuri," akaniambia. "Sikukwama." Halafu akauliza, "Wewe ulikuwa umeiona?"

Nikasema ndiyo. Afadhali angenitukana, angenirushia kiatu. Kwetu dada mkubwa ana haki hiyo. Alivua viatu vyake akavipanga chini ya kitanda, akaenda kuteka maji.

Makala ilifutwa wiki hiyo hiyo. Ukitafuta leo utakuta mstari mmoja tu unaosema ukurasa huu ulifutwa, sababu: milima ya kubuni. Kibaya zaidi, nikifumba macho nikumbuke kwetu, naona maporomoko. Milima ya kweli siioni tena vizuri, nimeiharibu kwa maandishi yangu mwenyewe.

Barua ilikuja baada ya miezi mitano, ya Kiingereza. Yaya aliileta dukani akakaa kwenye ngazi mpaka zamu yake ikafika, kama mteja. Nikamsomea kama ninavyowasomea wote, kidole kikifuata mistari. Ombi limekataliwa. Mwombaji alitoa kwa makusudi maelezo ya uongo kuhusu mahali anapotoka. Uamuzi huu ni wa mwisho.

Katikati kulikuwa na sentensi mbili ambazo kidole changu kilizipita. Ya kwanza ilisema mwombaji aliitwa mara ya pili kwa ajili ya alama za vidole tu, kwa kuwa zile za awali hazikusomeka. Ni kweli, miaka yake ya mwanzo hapa alifua nguo za watu mpaka vidole vikawa laini kama sabuni. Ya pili ilisema: katika mahojiano ya kwanza mwombaji alieleza kwamba milima ya kwao haina jina, na maelezo hayo yalilingana na ya watu wengine waliothibitishwa kutoka eneo hilo.

"Hapo umeruka," yaya akasema.

"Ni anwani yao tu."

Akaichukua barua, akaikunja mara nne akainyoosha kwa kiganja, kama anavyofanya vitenge. "Kosa ni ya ile mbuzi," akasema. "Tungewekaka jina ya mutu."

Nikamwambia ndiyo, yaya, tungeweka jina la mtu. Akajitwika rundo lake, nikaita mteja anayefuata.