Mguu wa Kushoto wa Ntumba

Ilianza siku ya tatu ya juma, saa kumi ya jioni. Saa hiyo ilikuwa yetu, sisi batoto ba Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Jua likishuka nyuma ya kilima cha udongo wa mgodi, wasichana tulitoka kucheza nzango. Mnakumbuka, wenzangu wa darasa? Wawili wanaruka, wanapiga makofi, kila mmoja anatoa mguu. Timu moja inashinda miguu ikifanana, nyingine ikipishana. Tulirudi nyumbani na magoti mekundu kwa vumbi. Wadogo zangu wa leo wanaruka dakika tano, wanauliza chakula.

Mimi sikuruka. Nilikuwa na haya mno. Basi walinipa kazi ya kuhesabu pointi, na neno langu halikupingwa. Nililipenda jambo hilo kuliko nguo yangu ya misa.

Mwaka ule posho ya unga ya kampuni ya mgodi ilikoma, na watu wakaanza kuwafukuza majirani wenye asili ya mkoa wa Kasai, kama vile wao ndio walioula. Ntumba, rafiki yangu wa mlango wa pili, alikuwa wa Kasai, ingawa Kasai yenyewe hakuwahi kuiona.

Siku ile ya tatu ilibaki pointi moja. Ntumba akaruka na Clarisse wa timu ya pili.

“Droite! Tumeshinda!” Clarisse akapiga kelele, akionyesha mguu wa kulia wa Ntumba.

“Gauche,” Ntumba akasema, akagusa mguu wake wa kushoto, akanigeukia. “Sema wewe. Wewe njo unahesabiaka.”

Mimi kweli niliona wa kulia. “Droite,” nikasema.

“Muongo! Bende kwabo, Kasai!” Clarisse akacheka, na wengine wakaimba hivyo hivyo.

Ntumba aliingia kwao. Wengine walipotawanyika, nikatazama chini. Alama ya mguu wake ilikuwa bado kwenye vumbi, kidole gumba upande wa kulia. Mguu wa kushoto. Nikaifuta kwa kisigino.

Kabla ya giza, baba yake alipakia magodoro kwenye mkokoteni, wakaenda stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai. Mezani sikuugusa ugali, mama akaniambia, “Bukari inakutazama tu.” Nikamweleza yote.

“Sasa unaniambia mi?” akasema. “Mi njo niliruka?”

Leo uwanja wetu umeota majani. Siku hizi ninyi na mimi tunabishana darasani mpaka kengele, na hakuna anayesema “nilikosa”. Mimi pia neno hilo bado linanikwama kooni. Lakini najua linapita.

Maana asubuhi baada ya mchezo ule nilitembea peke yangu mpaka stesheni. Watu walikaa kati ya masufuria na vyerehani. Nikamkuta Ntumba na dada zake.

“Ilikuwa gauche,” nikasema mbele yao. “Mi njo nilikosa. Na alama nilifuta.”

“Nilikuona,” akasema. “Nilikuwa kwa dirisha.”

Kisha akainuka, akasimama mbele yangu, akapiga makofi mawili.

“Ruka.”

Watu wote walikuwa wanatazama. Nikaruka.