Nukta Nyeupe Katika Mboni

Katika studio ya picha iliyo karibu na hospitali, nyuma ya pazia la bluu ambalo wateja hukaa mbele yake kupigwa picha za pasipoti, kulikuwa na chumba chembamba chenye dirisha moja. Humo ndimo alimofanyia kazi mwanamke ambaye wateja walimwita Fundi Sura. Aliyefiwa alileta picha ndogo ya marehemu wake, Fundi akaikuza kwa rangi ya mafuta, ikatundikwa sebuleni. Alikuwa na shahada ya kwanza ya sanaa, lakini hakuna mteja aliyewahi kumwuliza habari hiyo. Waliuliza tu, "Itawahi mazishi?"

Alianza kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya uchoraji baada ya baba yake kufa. Hata baba, Fundi alimchora kwa kutazama picha ya kitambulisho, na waombolezaji wakamsifu, wakasema mzee amebakiza kupumua tu. Fundi alisimama pembeni akingoja kulia. Hakulia. Tangu hapo mambo yalimfikia kama mazungumzo ya chumba cha jirani: unajua watu wanaongea, basi. Chuo ndicho kitu pekee alichoendelea kukitaka, na hata huko kutaka kulikuwa kwa akili kuliko moyo. Alijua tu kwamba akikikosa, atachora marehemu mpaka siku na yeye atakapochorwa.

Chuo cha kwanza kilimkataa bila maelezo. Cha pili kilimkataa vilevile, ila mwalimu mmoja wa huko, mtu mzima mwenye kikohozi, alimpigia simu.

"Mkono unao," alisema. "Lakini hebu niambie. Huyu kinyozi umeandika kwamba umemchora akiwa amekaa mbele yako, karibu na dirisha. Kweli?"

"Kweli, mwalimu."

"Na huyu bibi?"

"Jirani yetu. Naye alikaa."

"Basi mbona wote wana nukta nyeupe katikati ya mboni? Dirisha liko ubavuni. Hiyo ni taa ya kamera, mwanangu. Kamera ilikuwa wapi?"

Kamera haikuwapo. Fundi alizitandaza kazi zake sakafuni, akaona. Kinyozi, jirani, hata mtoto wa dada yake aliyekuwa akisinzia: kila mboni ilikuwa na nukta palepale inapopiga taa ya studio. Nyuma ya masikio yao kulikuwa na kile kivuli chembamba cha picha za pasipoti. Mkono ulikuwa umeyaweka yote hayo bila kumwuliza.

Mpiga picha, mwenye studio, alichungulia kwenye pazia. "Umefungua genge humu?"

"Natafuta kosa."

"Nukta? Nukta ndiyo uhai wenyewe! Iondoe uone, wateja watasema umewauzia maiti."

"Si ndiyo biashara yetu?"

Mpiga picha akacheka peke yake.

Chuo cha tatu kilitaka sura moja iliyochorwa kwa kumtazama mtu, kisha usaili. Fundi alimketisha mama yake.

Mama alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kushoto, na jicho la kulia liliona kwa kubahatisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni, mikono mapajani. Mwanzoni Fundi aliipaka ile nukta, akaikwangua kwa kisu, akajikuta ameipaka tena. Halafu akajifunza kuchelewa. Alitazama kwanza, kwa muda mrefu, hadi mama akadhani ameachwa peke yake.

"Upo?"

"Nipo, mama. Tuliza kidevu."

"Kidevu kimezeeka hiki, kinatikisika chenyewe. Mbona kimya? Au nimekuwa mbaya ghafla?"

Jicho la kulia lilikuwa na mstari mwembamba wa nuru pembeni, umepinda kama ukucha uliokatwa. La kushoto halikuwa na nuru yoyote. Rangi yake ilikuwa ya maji yaliyooshewa mchele. Fundi alichanganya kijivu, akakitia njano kidogo, akalipaka lilivyo.

Jumapili dada yake mkubwa alikuja, akasimama mbele ya picha hata viatu hajavua.

"Ndivyo unavyotaka wageni wamwone mama? Kipofu?"

"Ndivyo jicho lilivyo, dada."

"Baba ulimfanya kijana, ukamtoa hadi makunyanzi! Mama amekukosea nini? Weka kidoa kimoja tu, nani atajua?"

Fundi aliingoja hasira, nayo haikuja. Alishika brashi tu.

"Nyie mnaogombania uso wangu," mama akasema, "hilo jicho umelifanyaje?"

"Sijalitia nuru, mama."

"Hata kwangu haiingii. Liache hivyo. Na wewe mkubwa, vua viatu."

Kwenye usaili, walimu walikaa nyuma ya meza ndefu, na picha ikaegemezwa ukutani. Mmoja wao, aliyevaa miwani juu ya nywele, alipiga magoti kuitazama.

"Ulijisikiaje ulipokuwa ukilichora jicho hili?"

Fundi alilijua jibu linalopendwa. Nje, waombaji wenzake walikuwa wakilifanyia mazoezi: uchungu, mapenzi, kumbukumbu.

"Sikujisikia kitu," alisema. "Nilikuwa natazama."

Hakuna aliyeandika.

"Na hapa chuoni unatafuta nini?"

"Mikono. Mikono ya mama nimeikosea. Nimezoea vichwa tu. Picha za pasipoti hazina mikono."

Wote wakageukia mikono ya mama. Mwenye miwani akainuka, akajifuta magoti.

"Ni kweli," alisema. "Imekaa kama glavu." Akawatazama wenzake, nao wakaitikia kwa kichwa. "Basi utakuja kujifunza mikono."

Fundi alishukuru, akatoka. Aliketi kwenye ngazi, akampigia mama.

"Wamenichukua."

"Mungu mkubwa! Sasa mbona sauti ya msibani?"

"Sijui, mama. Sisikii kitu bado."

"Basi njoo ule. Furaha itakuja yenyewe. Ikija usiku, usiniamshe."

"Haya, mama," Fundi akasema. Alikuwa ameshafika getini alipokumbuka kwamba picha ameiacha ndani, akarudi kuifuata.