Mkanda Haukukatika

Niliapa kwamba binamu yangu Seif atafika kwenye ndoa yake, mvua inyeshe isinyeshe. Njia ya Msimbu, kule Kisarawe kwa akina bibi harusi, ina tope la kumeza gari. Kwa hiyo nilizunguka maduka ya vipuri Kibaha siku tatu nikitafuta mkanda wa kuvutia gari. Niliandika upana na uzito wa kila mkanda kwenye daftari, nikachukua mnene kuliko yote. Muuzaji akauliza nitaufunga wapi. Nikamwambia nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa.

Jumamosi gari la Seif likazama kweli, na ndoa ilikuwa ifungwe baada ya adhuhuri. Nikapandisha kanzu hadi magotini, nikafunga mkanda kwenye bampa lake la mbele, nikaingia kwenye pikapu yangu.

"Kaka, usisimame mpaka ukweni!" Seif akapaza sauti.

Nikavuta. Pikapu ikagoma, ikatikisika, kisha ghafla ikawa nyepesi. Nikajua tumetoka. Nyuma yangu Seif akapiga honi mfululizo. Msafara wa harusi bila honi ni msafara gani? Nikamjibu kwa honi zangu, nikaongeza mwendo. Vioo vilikuwa vimejaa tope.

Vigelegele vikanipokea. Shangazi wa bibi harusi akachungulia nyuma ya pikapu, vigelegele vikakatika.

"Baba, bwana harusi yuko wapi?"

"Shikamoo shangazi. Si huyo hapo nyuma!"

"Marahaba. Hapa nyuma naona bampa."