Chagua Wimbo ama Mkwe

Jumamosi, tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi. Mvua ilinyesha mpaka asubuhi, halafu jua likawaka, na barabara ya Wamaza ikawa inatoa mvuke kama sufuria ya mihogo.

Tulikwenda kuniombea mke, mimi na kaka yangu. Mwenye pikipiki aliimba wimbo wangu njia nzima akiharibu maneno. Sikumwambia kuwa ni wangu, ningeanzaje? Aliyeurekodi ni mwimbaji wa Bukavu, na yeye ndiye anayejulikana. Mimi nilitunga tu, na kila baada ya miezi kadhaa pesa ya haki yangu ya mtunzi inaingia kwenye telefone. Ndiyo inayonilisha, pamoja na shamba dogo la mpunga. Mwenye pikipiki alituongezea bei kwa sababu ya matope, na kwa kweli matope yalikuwepo.

Siku ya kuomba, mwenye kuoa hasemi, anasemewa. Baba mkubwa wa msichana aliuliza kazi yangu. Kaka akajibu kwamba natunga nyimbo. Akauliza kama mimi ni mwanamuziki, yaani mlevi. Kaka akasema hapana, hata sauti sina, akautaja wimbo na pesa unayoniingizia. Watu wakacheka.

"Ule iko wimbo wa ukoo wetu," alisema baba mkubwa. "Tunatolea nao bibi-harusi tangu wakati wa babu. Mama yake huyu alizaliwa wapi?"

Kaka akasema upande wa Kabambare.

"Basi wimbo alipewa na mama yake, iko mutoto wetu. Na mutoto wetu hawezi kuoa kwetu."

Nyuma ya pazia msichana alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukanyamaza.

Nikaomba ruhusa ya kusema. Sijui kama ni akili au ujinga. Nilisema maneno ni yangu yote, lakini kile kiitikio cha mwisho labda nilimsikia mama akikiimba akipalilia karanga, siwezi kuapa. Kaka alinikanyaga mguu. Baba mkubwa akapiga makofi: si munasikia?

Shangazi wa msichana, ambaye alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, aliniuliza ukoo wa mama. Nikautaja.

"Hao si siye," akasema, akamgeukia baba mkubwa. "Hao tunaoana nao siku zote. Na wewe kaka, wimbo ulitoka kwa babu gani? Ulitoka kwenye telefone ya mwanao, aliporudi kutoka machimbo ya Salamabila na dhahabu yake ya kuhesabu kwa kidole kimoja. Sasa chagua: wimbo ama mukwe."

Baba mkubwa hakutaka kuuachia wimbo, na sikuona vibaya. Kwao wimbo ule ulishatoa mabibi-harusi wengi. Mwishowe akauliza kama hiyo pesa inakuja kweli. Nilimjibu inakuja, ila mara nyingine ni ya chumvi na sabuni tu.

"Wimbo iko wa mukwe," akasema. "Lakini siku ya harusi tutauimba vile tunavyoujua siye."

Nilikubali. Ubeti wao wa pili, sipendi kusema, unapita wangu.

Ungo ukaanza tena. Jioni tulikula nao wote wali, sombe ya mawese na kuku. Firigisi alipewa kaka.