Chinsaga ya Bafuni

Kazi yangu Doha ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, chini kabisa ya hoteli moja ndefu, na kuhakikisha hakuna mgeni anayetokwa jasho. Joto digrii ishirini na mbili, unyevu wa hewa nusu kwa nusu, mchana na usiku, hata nje kukiwa kunachemka. Mtu wa orofa ya ishirini akilalamika kwamba midomo inamkauka, nabonyeza hapa na pale, na baada ya dakika kumi ameshasahau kama ana midomo. Miaka sita sikuwahi kupata barua ya onyo. Kisha nikashindwa na mabeseni manne ya mboga kwenye bafu langu mwenyewe. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nilijinyoa, nikajikata sikio.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, katikati ya kiangazi, wakati ambapo pale Wakrah, mji wa jirani tulikoishi, hata paka havuki barabara bila sababu. Yeye ni muuguzi. Anajua kila kitu ambacho mzazi anapaswa kula, na hakula hata kimoja. Chai nusu kikombe, kipande cha mkate, basi. Alikonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Maziwa yakaanza kupungua, na mtoto akawa analia kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa. Niliogopa sana. Nalisema leo kwa sababu wakati ule sikulisema.

Mama mkwe alipiga simu kila siku adhuhuri. Kwetu Kisii, mkwe wa kiume na mama mkwe wana heshima yao: hawakai karibu, hawatazamani, na mama huyu hakuwahi kunielekezea neno lolote. Alichotaka nisikie alimwambia binti yake, simu ikiwa kwenye spika, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

"Mwambie baba wa mtoto, mzazi halishwi kuku wa hoteli! Mwambie atafute chinsaga!"

Chinsaga ni ile mboga chungu ambayo wengine huita mgagani. Huchemshwa ikalainika, ikalazwa kwenye maziwa, na kwetu hakuna mwanamke aliyejifungua asiyeletewa. Nilizunguka masoko ya Doha nikakuta mchicha wa Wahindi, mlenda wa Wamisri na majani mengine ambayo hata muuzaji hakuyajua jina. Chinsaga, wapi! Mwishowe mwenzangu wa kazini akarudi kutoka likizo na mbegu zimefungwa kwenye pindo la leso.

Nilizipanda kwenye roshani. Zikaota vizuri, na siku ya tatu zilikuwa zimechemka kabla ya kupikwa.

Nikazihamishia ndani, kwenye bafu la wageni, lisilo na dirisha. Hapo ndipo ufundi wangu ulipoanza kunitia aibu. Nikiacha mlango wazi, AC ya sebuleni inaingia na baridi yake kavu, miche inajikunja. Nikifunga mlango, taa inapasha joto, maji ya kwenye udongo yanapanda hewani hayana pa kwenda, na kesho yake shina limefanya ukungu na kulala chali. Hotelini nilikuwa na mashine kubwa kama lori. Hapa nilikuwa na mlango.

Nikaanza kusoma kwenye simu wakati wa mapumziko. Haki ya nani, nilitafuta mboga! Lakini ukiuliza namna ya kusawazisha joto na unyevu kwa mimea ya ndani ya nyumba, duniani kote wanaojua jibu ni walima bangi. Kila ukurasa una jani lile juu. Na lazima nikiri kwamba ni watu makini mno, wahandisi wengi niliofanya nao kazi hawafikii nusu yao. Walinifundisha kwamba mche mchanga hunywa kwa majani, kwa hiyo hewa iwe na unyevu mwingi. Ukikua, uupunguze kidogo kidogo, la sivyo ukungu. Kwamba taa ikizimwa joto hushuka na unyevu hupanda, basi usiache hewa isimame. Nilisoma yote hayo nikiwa nimeegemeza simu kifuani kama mtu anayeficha karata, katika nchi ambayo jani hilo humfunga mtu miaka.

Nikanunua kipimo. Nikaweka feni ndogo ikitazama ukuta, taulo bichi juu ya bomba, na mlango nikauacha wazi upana wa vidole vinne, si vitatu, si vitano, na kandambili imeubana. Digrii ishirini na nne. Unyevu sitini. Kila jioni nilitoka kazini mbio, nikamwekea mke wangu kuku wa hoteli mezani, na kabla hajafungua mfuko nilikuwa nimeshachutama bafuni na kipimo.

"Bafu hilo linatunzwa kuliko watu," alisema siku moja, mtoto begani, akila akiwa amesimama.

Nikacheka. Nikamjibu kwamba ni kwa ajili yake, nikarudi kwenye kipimo.

Mboga ikapendeza. Ikapanda hadi magotini, majani yamechanua kama vidole vitano vya kiganja. Niliyazoea kiasi kwamba sikuona yanafanana na nini. Aliyeona ni mzee wa kanisa. Namwita mzee, lakini alikuwa dereva wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja na ndugu wawili wa ushirika kumwona mtoto. Aliomba kwenda msalani, mle mle kwenye bafu la wageni. Alitoka mikono ikidondosha maji, hakukaa, hakugusa soda.

"Tuombe," akasema. Akaombea nyumba zinazofunika mambo.

Ijumaa iliyofuata, siku ya mapumziko kule, pale Mesaimeer penye makanisa, baada ya ibada, wakanivuta nyuma ya mabasi, yeye na wale wawili.

"Ndugu, una mtoto mchanga."

"Ni mboga, mzee."

"Kila mtu husema hivyo. Na taa je? Na feni? Nani huwashia sukuma wiki feni?" Akashusha sauti. "Ng'oa leo. Sisi tutanyamaza, lakini lisemwalo lipo, na likitoka hapa likafika kwa polisi, mke wako atabaki na nani?"

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. "Mwambieni kila mtu, basi! Njooni jioni hii mle! Leteni na wake zenu!"

Nilipofika nyumbani ndipo nilipopiga hesabu. Mabeseni yote manne yalikuwa sufuria moja ndogo. Ili nijisafishe, ilibidi niwalishe wanaonishuku chakula cha mgonjwa wangu. Nilimweleza mke wangu nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Ati wazee wa kanisa wanakuja kula bangi yangu?" Akacheka mpaka mtoto akaamka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu hospitalini. Akaenda jikoni mwenyewe. Mboga ilipaswa kulala kwenye maziwa usiku kucha. Ililala kwa saa mbili tu.

Walikuja. Mke wa mzee, mama wa Homa Bay, alipita moja kwa moja jikoni akafunua sufuria.

"Wee! Hii ni dek!" akapiga kelele, kwani ndivyo Wajaluo wanavyoiita. "Baba, hii ndiyo uliyonikoseshea usingizi wiki nzima? Wewe mboga unaijua ikiwa sahanini tu!"

Mzee, kwa kutaka suluhu, akamega ugali, akaunyoosha mkono. Mkewe akaupiga.

"Hii ni ya mzazi. Wewe umezaa nini?"

Sisi wanaume tukakaangiwa mayai. Wanawake walimbeba mtoto, wakaingia chumbani, wakaketi kitandani kumzunguka mke wangu, wakimsimulia uzazi wao na kumsema kila mtu wa kanisani. Alikula yote, akafuta sufuria kwa tonge, akaomba na mayai. Mimi nilijisikia kulia, nikaenda kuangalia kipimo.

Kesho yake adhuhuri simu ikalia. Nilikuwa mlangoni pa bafu, nikikagua vishina vilivyobaki. Mke wangu alimsimulia mama yake yote, mkono uliopigwa, mayai, vicheko. Mama mkwe alicheka, kisha akapaza sauti yake ya ng'ambo ya mto.

"Mwambie baba wa mtoto ahsante kwa mboga. Na umwulize, siku zote hizo kabla ya jana, ulikuwa ukila na nani?"

Mke wangu hakunipitishia swali. Aliweka simu mezani akaniangalia. Nikaweka kipimo chini.