Simu Iliita Nikiwa Nimebeba Mtoto wa Watu

Nilipanda kilima cha bustani ya Yuexiu kwa sababu ya mtandao. Chumba nilichopanga Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, kilikuwa na dirisha moja tu, linatazama ukuta wa jirani ambao ungeweza kuugusa ukinyoosha mkono, na humo ndani simu yangu ilipata mtandao ikipenda na kuupoteza ikipenda. Siku hiyo sikutaka kubahatisha. Mama mmoja wa Kariakoo, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, alikuwa ameniambia: "Kesho nitakupigia nikupe jibu. Usikae mbali na simu." Alitafuta mtu wa kubaki Guangzhou yeye anaporudi Dar, na mtu huyo angeombewa kibali cha kazi.

Kibali changu cha mwanafunzi kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimemaliza uhandisi, nazungumza Kichina, na kila kampuni niliyoiandikia ilikuwa imenyamaza. Asiponichukua mama huyu, ningerudi nyumbani mikono mitupu. Wenzangu waliotangulia kurudi walinieleza kwamba huko shahada ya China inaangaliwa kama simu ya China.

Basi nikakaa kwenye benchi chini ya sanamu ya mbuzi watano, simu mkononi. Niliongeza sauti ya mlio hadi mwisho, nikaogopa inakula betri, nikaipunguza, nikaogopa sitaisikia, nikaiongeza tena.

Kitu pekee kilichonizuia nisichanganyikiwe ni watalii. Walikuja kwa mabasi kutoka mikoani, maana miaka hiyo pesa zilikuwa zimeanza kufika hadi kwao, wote wamevaa kofia za njano, wakimfuata dada mwenye kibendera na kipaza sauti. Wazee walivaa makoti ya suti yenye lebo ya dukani ingali imeshonwa kwenye mkono, kwa nje, ionekane. Walifika, wakawapa mbuzi mgongo, wakainua vidole viwili, wakapigwa picha, wakaondoka. Sikumwona hata mmoja aliyewatazama mbuzi usoni. Bwana mmoja alimsogeza mkewe huku na huku ili kwenye picha aonekane amemshika mbuzi ndevu, mpaka mke akachoka akamwambia basi akamwoe huyo mbuzi. Nikacheka kwa sauti. Hapo ndipo waliponiona.

"Mwafrika! Anacheka!"

"Kwani ameelewa?"

"Ataelewa wapi! Huyu ni mcheza kikapu," akasema bibi mmoja.

"Na ufupi wote huo?"

Nikawaambia kwa Kichina kwamba hata nyumbani hawakuwahi kunichagua kwenye timu. Walipiga kelele kana kwamba mmoja wa mbuzi wa mawe ndiye aliyesema. Papo hapo wakapanga foleni ya kupiga picha na mimi.

Nilitaka kukataa. Kisha nikawaza kwamba nikikataa watakwenda kusimulia kijiji kizima kuwa Waafrika wana kiburi. Nikikubali, nitabaki na mkono mmoja tu wa simu. Mkono mmoja unatosha, nikaamua. Nikasimama, nikawekewa mikono mabegani, nikapigwa picha na bwana wa mbuzi na mkewe. Ndipo yule bibi akaja na mjukuu wake na kunibebesha bila kuniuliza. Mtoto alikuwa mnene, amevaa suruali za watoto wa kule, zilizoachwa wazi nyuma ili ajisaidie kwa urahisi. Mimi nilikuwa nimevaa shati langu moja la usaili. Nikatia simu mfukoni, nikamshika kwa mikono miwili mbali na kifua.

Simu ikaita.

"Bibi, mchukue tafadhali."

"Bado, bado! Hajaangalia kamera!"

Babu mwenye kamera akahesabu moja, mbili, tatu, kamera ikagoma. Akaanza kufungua kifuniko cha betri. Nikainama nimweke mtoto chini, naye akanikamata masikio na kuangua kilio. "Usimweke chini, kuna baridi!" bibi akafoka. Simu ikakatika, ikaita tena. Niliwaza kumsukumizia mtu yeyote aliye karibu, kisha nikawaza polisi akitokea na kumkuta mgeni anamtupa mtoto anayelia, aulize pasipoti, aone tarehe ya kibali. Nikaendelea kumshika. Ilipokatika mara ya pili, babu alikuwa ameshabadili betri.

"Tabasamu!" akasema, na nadhani nilitabasamu.

Nilipompigia mama, namba ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Nikateremka mbio hadi barabara ya Huanshi Zhonglu, nikitunga maelezo njiani. Nilikuwa msalani: aibu. Nilikuwa kwenye usaili mwingine: atasema basi baki huko. Ukweli ndio ulionekana uongo kuliko yote. Tianxiu lifti zilikuwa zimejaa marobota, nikapanda ngazi.

Nilimkuta anafunga boksi kwa selotepu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafukuzwa?"

"Nimeona umenipigia."

"Mara mbili. Hukupokea."

"Nilikuwa nimebeba mtoto."

Akaacha selotepu. "Una mtoto wewe?"

"Hapana, mama. Wa watalii. Walikuwa wanatupiga picha."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani huyu! Wamekubebesha yale matoto yasiyo na chupi?"

"Ndiyo."

"Likakukojolea?"

"Hapana."

"Mshukuru Mungu."

Nami nikacheka, nikiwaza kwamba mtu anayecheka hivi hawezi kuwa na jibu baya. Akajifuta machozi kwa mtandio.

"Mwanangu, sikiliza. Mimi nikiwa Dar na kontena liko bandarini, nikipiga simu nataka ipokelewe. Hilo tu. Nimepiga kwako, kimya. Nimempigia kijana wa Kikongo aliyeomba pia, amepokea kabla haijaita sawasawa. Nimempa kazi."

"Mama, mimi naweza..."

"Najua unaweza. Kichina chako kinampita mbali. Lakini nimeshampa neno langu, yuko njiani anakuja." Akarudi kwenye boksi, akakata selotepu kwa meno. "Sasa wewe unarudi lini?"

"Mwisho wa mwezi. Ufadhili unatoa tiketi."

Akaninyanyulia macho. Xiaobei nzima iko hivyo, ukitaja safari tu, mtu anaukumbuka mzigo wake.

"Kilo zako za mabegi kwenye ndege umeshampa mtu?"

"Bado."

"Basi nipe mimi. Ni blauzi tu, hazivunjiki. Kijana wangu atakusubiri uwanja wa ndege, akupokee mabegi."

Nilijaribu kufikiria vitu vyangu vya kubeba, nikaona vitabu na lile shati. Nikamfikiria mama yangu, ambaye lazima angekuja uwanjani na shangazi zangu, akiniona natoka nasukuma mabegi makubwa, na furaha atakayoipata kabla kijana wa watu hajasogea kuyachukua.

"Chukua zote," nikasema.